Maswali ya kani ya umeme: kanuni wanaijua, maksi zinapotelea wapi?

Mipira miwili midogo ya chuma imewekwa umbali wa sentimita 20. Mmoja una chaji ya +3 mikrokulombi, mwingine −4 mikrokulombi. Tafuta kani ya umeme kati yao.

Swali la aina hii ni mistari miwili tu, na kanuni yake haifiki hata urefu wa namba ya simu. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma PCM au PCB anaweza kuitaja akiwa usingizini. Lakini lipe swali hilo kundi lolote linalojiandaa na mtihani, halafu kusanya majibu. Atatokea mwenye 2.7, mwenye 0.54, mwenye 0.00027, na hakosekani mmoja aliyepata −2.7 ambaye sasa anabishana na wenzake kwamba ile alama ya kutoa maana yake ni "kushoto".

Jibu ni nyutoni 2.7, na mipira inavutana. Yale mengine yote yametoka kwenye kanuni hiyohiyo, imeandikwa vizuri kabisa juu ya karatasi. Makosa yaliingia kabla ya kanuni, pale vipimo vilipoachwa vilivyo, au baada yake, pale namba ilipotoka bila mwelekeo.

Kanuni yenyewe

Chaji ziko za aina mbili, chanya na hasi. Za aina moja husukumana, za aina tofauti huvutana. Kani hiyo, au nguvu kama wengi wanavyoiita, huongezeka chaji zikiongezeka na hupungua umbali ukiongezeka. Kwa maandishi ya darasani:

F = k × q1 × q2 ÷ r²

Herufi q1 na q2 ni chaji kwa kulombi. Herufi r ni umbali kwa mita, unaopimwa kutoka kitovu cha kitu kimoja hadi kitovu cha kingine, siyo kutoka ukingo hadi ukingo. Na k ni namba isiyobadilika, takribani 9 × 10⁹, chaji zikiwa hewani au kwenye ombwe.

Kile kimraba kidogo juu ya r ndicho chenye fujo. Umbali ukiongezeka mara mbili, kani haipungui nusu, inabaki robo. Umbali ukiongezeka mara tatu, inabaki moja ya tisa. Ile mipira ya nyutoni 2.7 ikisogezwa hadi sentimita 60, kani inashuka hadi 0.3. Ikisogezwa karibu hadi sentimita 10, inapanda hadi 10.8. Maswali mengi ya kuchagua jibu hayahitaji hata kikokotoo, yanataka mtu aone hilo tu.

Aliyelipima jambo hili na kulitangaza ni Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyetumia miaka kadhaa ya maisha yake kisiwani Martinique akijenga ngome. Mwaka 1785 alieleza chombo chake: sindano nyepesi yenye kimpira kwenye ncha, imening'inizwa kwa waya mwembamba wa fedha ndani ya chombo cha kioo. Kando yake kuna kimpira kingine kilichotulia. Vyote viwili vikapewa chaji ya aina moja, vikasukumana, na waya ukajisokota kwa nyuzi 36.

Kisha akaanza kuvilazimisha vikaribiane kwa kuusokota waya kutoka juu. Ili kuvifikisha nyuzi 18, yaani nusu ya mwanzo, msokoto wote wa waya ulifika nyuzi 144. Hiyo ni mara nne kamili. Alipovibana hadi nyuzi 8 na nusu, karibu robo ya mwanzo, msokoto ulifika nyuzi 575 na nusu. Mara kumi na sita ya 36 ni 576. Kwa vyombo vya karne ya 18, na kwa chaji inayovuja hewani kila dakika, hesabu hizo zinashangaza.

Kuna Mwingereza, Henry Cavendish, aliyekuwa amefika kwenye matokeo hayo miaka ya 1770, ila akaziacha karatasi zake bila kuzichapisha. James Clerk Maxwell ndiye aliyekuja kuzitoa mwaka 1879. Kwa hiyo jina kwenye kanuni likabaki la Mfaransa.

Badili vipimo kwanza, halafu ndiyo ushike kikokotoo

Turudi kwenye majibu yaliyokosewa, maana kila moja lina chanzo chake.

Mwenye 0.54 alisahau kupiga mraba wa umbali. Aligawanya kwa 0.2 badala ya 0.04. Mwenye 0.00027 alikumbuka mraba, lakini akaacha umbali kwa sentimita, akagawanya kwa 400. Kosa la sentimita moja kwa mita ni mara mia, na likishapigwa mraba linakuwa mara elfu kumi. Hapo ndipo wengi huchemka, na kinachouma ni kwamba hatua nyingine zote wamezifanya sawasawa.

Njia salama ni kuandika data upya pembeni kabla ya kugusa kanuni. Mikrokulombi 3 ni 3 × 10⁻⁶. Mikrokulombi 4 ni 4 × 10⁻⁶. Sentimita 20 ni 0.2, na mraba wake ni 0.04. Baada ya hapo namba za kawaida zihesabiwe peke yake na vipeo peke yake: 9 × 3 × 4 ni 108. Vipeo: 9 kutoa 6 kutoa 6 ni −3. Kwa hiyo juu kuna 108 × 10⁻³, yaani 0.108. Gawanya kwa 0.04, unapata 2.7. Hata simu ikizimika, hesabu hiyo inaisha kwa kalamu.

Kwenye kikokotoo kuna mtego mwingine ambao walimu wanaujua vizuri. Kitufe cha EXP tayari kina "mara kumi kwa kipeo cha" ndani yake. Anayebonyeza 9, kisha kuzidisha, kisha 10, kisha EXP, kisha 9, ameingiza 90 × 10⁹ bila kujua. Jibu lake litakuwa kubwa mara kumi, na atalisaka kosa kwenye karatasi hadi kengele ilie, wakati karatasi haina kosa.

Nano nayo isichanganywe na mikro. Mikro ni kipeo cha −6, nano ni −9. Chaji zote mbili zikiwa za nano halafu mtu akazichukulia kuwa mikro, jibu linakosewa mara milioni moja.

Alama ya kutoa siyo mwelekeo

Sasa yule mwenye −2.7. Kwa hesabu hajakosea, maana chanya mara hasi ni hasi. Tatizo ni tafsiri. Alama hiyo inasema "zinavutana", basi. Haisemi kushoto, wala kulia, wala chini. Mpira wa kushoto unavutwa kulia, na wa kulia unavutwa kushoto, vyote kwa wakati mmoja. Alama moja haiwezi kubeba habari zote hizo.

Kwa hiyo wanaofaulu maswali haya hufanya hivi: wanatupa alama nje wakati wa kuhesabu, wanatafuta ukubwa tu, halafu mwelekeo wanausoma kwenye mchoro. Mchoro wenyewe si lazima uwe mzuri. Vimduara viwili, alama za chaji ndani yake, na mshale kwenye kila kimoja.

Mishale hiyo lazima iwe na urefu sawa, na hili huwashangaza wengi. Mtungaji akiuliza, "Chaji ya 2 na chaji ya 8, ipi inasukumwa kwa kani kubwa?" jibu ni kwamba kani zinalingana. Kanuni ya tatu ya Newton haijali nani ana chaji nyingi. Kitakachotofautiana ni mwendo: chenye uzito mdogo kitaondoka kwa kasi zaidi.

Mipira ikigusana

Swali pacha la lile la mwanzo huja hivi: mipira ni ya ukubwa sawa, imegusanishwa, kisha ikarudishwa umbali uleule wa sentimita 20. Kani sasa ni ngapi?

Chuma hupitisha umeme, kwa hiyo ikigusana chaji inagawana. Jumla ya +3 na −4 ni −1, na kila mpira unaondoka na −0.5. Hapa alama zinahesabiwa, tofauti na pale juu, kwa sababu kinachojumlishwa ni chaji yenyewe. Kani mpya ni 9 × 10⁹ × 0.5 × 10⁻⁶ × 0.5 × 10⁻⁶ ÷ 0.04, ambayo ni kama nyutoni 0.056. Tena sasa inasukumana, maana yote ni hasi. Anayeandika 0.056 bila kutaja kwamba uvutano umegeuka kuwa msukumano ameacha maksi mezani.

Zikiwa tatu, usiulize zote kwa pamoja

Chaji ya tatu ikiingia, watu wengi hutafuta kanuni ya chaji tatu. Haipo. Kuna kanuni ya chaji mbili inayotumika mara mbili.

Chukua mstari mmoja ulionyooka. A ina +3, B ina −4 na iko sentimita 20 kulia kwa A. Sasa C, yenye +2, imewekwa sentimita 10 kulia kwa B. Chaji zote ni mikrokulombi. Kani iliyo juu ya C ni ngapi?

Kwanza B ifichwe kwa kidole, kana kwamba haipo. Zinabaki A na C, umbali wa sentimita 30. Zote ni chanya, kwa hiyo C inasukumwa kulia. Ukubwa: 9 × 10⁹ × 3 × 10⁻⁶ × 2 × 10⁻⁶ ÷ 0.09, ambayo ni nyutoni 0.6.

Kidole kihamie kwa A. Zinabaki B na C, umbali wa sentimita 10. Hasi na chanya, C inavutwa kushoto. Ukubwa: 9 × 10⁹ × 4 × 10⁻⁶ × 2 × 10⁻⁶ ÷ 0.01, ambayo ni nyutoni 7.2.

Mshale mmoja wa 0.6 kulia, mwingine wa 7.2 kushoto. Kani halisi ni nyutoni 6.6 kuelekea kushoto. Asiyechora atajumlisha na kupata 7.8, na ataona jibu lake zuri tu.

Wapo wanaodhani B, kwa kuwa imekaa katikati, "inaikinga" C isisukumwe na A. Haikingi. Kani ya A juu ya C inabaki ileile kama vile B haipo, na ndiyo maana ujanja wa kidole unafanya kazi.

Mstari ukipinda, jumla ya kawaida haifai tena. Tuseme C ya +2 ipo kwenye kona ya pembe mraba. Kushoto kwake, sentimita 30, kuna chaji ya +3. Chini yake, sentimita 30, kuna ya +4. Ya kwanza inaisukuma C kulia kwa nyutoni 0.6. Ya pili inaisukuma juu kwa nyutoni 0.8. Kitu kinachosukumwa kulia na juu kwa pamoja kinakwenda mshazari, na ukubwa wa kani hiyo unatafutwa kwa kanuni ya Pythagoras: mraba wa 0.6 ni 0.36, mraba wa 0.8 ni 0.64, jumla ni 1, kipeuo chake ni 1. Nyutoni 1 kamili, kwa pembe ya takribani nyuzi 53 juu ya mstari wa mlalo. Siyo 1.4.

Pembe isipotajwa, jibu halijakamilika. Kani ni vekta, na vekta bila mwelekeo ni kama kumwambia bodaboda akupeleke kilomita tatu bila kumwambia wapi.

Pale ambapo kani inakufa

Swali wanalolipenda watungaji ni la kutafuta mahali ambapo chaji ya tatu haitasikia kani yoyote. Chaji ya +1 na ya +4 ziko umbali wa sentimita 30. Mahali hapo ni wapi?

Kabla ya hesabu, fikiri kwa mishale. Chaji ndogo chanya ikiwekwa katikati ya hizo mbili, moja inaisukuma kulia na nyingine kushoto, kwa hiyo kuna uwezekano wa kufutana. Ikiwekwa nje, zote zinaisukuma upande mmoja, hakuna kufutana. Basi jibu liko katikati, na liko karibu zaidi na ile ndogo.

Umbali kutoka kwa +1 uitwe x. Kani mbili zikilingana, 1 ÷ x² ni sawa na 4 ÷ (30 − x)². Wengi hapa hufungua mabano na kuzama kwenye hesabu ndefu ya kipeo cha pili. Hakuna haja. Chukua kipeuo cha pili pande zote: 1 ÷ x ni sawa na 2 ÷ (30 − x). Hivyo 30 − x ni 2x, na x ni sentimita 10. Hapa sentimita zinaruhusiwa kubaki, maana ziko pande zote na zinafutana.

Sasa badili +4 iwe −4. Katikati mishale yote inaelekea upande mmoja, kwa hiyo jibu linahamia nje, upande wa ile ndogo, mbali na ile kubwa. Hesabu inakuwa 30 + x sawa na 2x, na x ni sentimita 30. Ukiwa umechora, alama ya kujumlisha inajiweka yenyewe. Ukiwa hujachora, ni kubahatisha.

Mipira inayoning'inia

Hili ndilo swali linalotenganisha watu, kwa sababu umeme unakutana na uzito na jiometri kwa mpigo. Mipira miwili myepesi, ya lile povu gumu jeupe linalofungashiwa runinga mpya, kila mmoja una gramu 0.1. Imefungwa kwa nyuzi za sentimita 50 kutoka msumari mmoja. Ikapewa chaji sawa, ikaachana na kutulia ikiwa mbali kwa sentimita 6. Kila mmoja una chaji kiasi gani?

Mpira mmoja uchorwe peke yake. Una kani tatu: uzito unaovuta chini, umeme unaosukuma pembeni, na uzi unaovuta juu kwa mshazari. Umetulia, kwa hiyo hizo tatu zinalipana. Uzito ni kilo 0.0001 mara 10, yaani nyutoni 0.001. Uzi umepotoka kutoka wima kwa sentimita 3 tu, ambayo ni nusu ya 6, huku urefu wa kwenda chini ukiwa karibu 50. Uwiano wa umeme kwa uzito ni sawa na uwiano wa 3 kwa 50. Kwa hiyo kani ya umeme ni 0.001 × 3 ÷ 50, yaani 6 × 10⁻⁵ nyutoni.

Ndipo kanuni ya Coulomb inaingia, tena kwa kinyumenyume. Mraba wa chaji ni F × r² ÷ k. Angalia: r hapa ni sentimita 6, siyo 3. Ile 3 ilikuwa ya pembetatu, ya kanuni ni umbali mzima kati ya mipira. Hesabu inatoa 2.4 × 10⁻¹⁷. Kipeo cha −17 hakigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo iandikwe 24 × 10⁻¹⁸ kwanza. Kipeuo cha pili ni 4.9 × 10⁻⁹. Kila mpira una karibu nanokulombi 5.

Elektroni moja ina chaji ya 1.6 × 10⁻¹⁹. Nanokulombi 4.9 ni sawa na elektroni kama bilioni 30 zilizoongezwa au kuondolewa. Zinasikika nyingi, lakini mpira wenyewe una elektroni nyingi mno kiasi kwamba hiyo ni kama moja katika kila trilioni moja.

Anayetaka kulijaribu hili nyumbani achague siku. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa mvua, unyevu hewani unaivujisha chaji kabla mipira haijatulia. Dodoma au Iringa kwenye kiangazi mambo huwa rahisi zaidi, kulekule ambako sweta hutoa vicheche ikivuliwa usiku.

Jibu linaingia akilini?

Vitu viwili vyenye kulombi 1 kila kimoja, mita 1 kati yao, vingesukumana kwa nyutoni bilioni 9. Huo ni uzito wa takribani tani laki tisa. Hakuna meza ya maabara yenye kitu kama hicho. Kwa hiyo mtu akihesabu mipira ya maabara na kupata nyutoni bilioni kadhaa, asianze kushangaa nguvu za umeme. Amesahau kuandika mikro.

Kwa upande mwingine, namba ndogo sana si kosa kila mara. Elektroni na protoni ndani ya atomu ya hidrojeni, umbali wa kama 5.3 × 10⁻¹¹ mita, huvutana kwa 8.2 × 10⁻⁸ nyutoni tu. Lakini mvuto wa graviti kati ya hizo mbili ni mdogo kuliko huo kwa namba yenye tarakimu 40. Ndiyo maana maswali ya atomu hayana habari na uzito, na maswali ya mipira inayoning'inia yanayo.

Kanuni ina mipaka yake pia. Imetengenezwa kwa vitu vidogo ukilinganisha na umbali uliopo kati yao. Kitana kilichosuguliwa kwenye nywele huokota vipande vya karatasi ambavyo havina chaji yoyote ya ziada. Ukiweka sifuri kwenye q2, kanuni inasema kani ni sifuri, na karatasi inaruka vilevile. Kinachotokea ni kwamba kitana kinazivuta upande wake chaji za aina tofauti zilizomo ndani ya karatasi na kuzisogeza mbali zinazofanana nazo. Zilizo karibu zinavutwa zaidi ya zinavyosukumwa zilizo mbali, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukiinua kipande chepesi.

Na mazingira yakibadilika, k nayo inabadilika. Swali likisema chaji zimezamishwa kwenye kimiminika, litatoa namba ya kugawanyia. Kwa mafuta ya taa ni karibu 2, kwa maji ni karibu 80. Ile nyutoni 2.7 ya mwanzo inakuwa 1.35 ndani ya mafuta ya taa, na 0.034 ndani ya maji. Chembe za maji zina upande chanya na upande hasi, na zinajigeuza kuizunguka kila chaji hadi mvuto wake kwa nyingine unabaki kidogo. Chumvi ya mezani imeshikana kwa kani hiihii kati ya sodiamu iliyo chanya na klorini iliyo hasi. Kijiko kimoja kikiingia kwenye sufuria ya maji kinapotea, ila kikimwagwa kwenye mafuta ya kupikia, chembe zinazama hadi chini na kukaa hapo vilevile zilivyotoka kwenye pakiti.